Kilo Nane za Kuthibitisha Uhai

Kitu cha kwanza alichokiona Siwema ni kwamba watu wa kampuni walikuja na mzani lakini hawakuja na ufagio. Walikuwa wanne, wamevaa fulana za rangi ya dhahabu zenye picha ya ufagio kifuani, na huo ndio ufagio pekee walioufikisha Mtaa wa Vifuu. Mzani wenyewe ulikuwa wa kuning'iniza, kama ule wanaopimia watoto kliniki, na wawili wao waliubeba kwa adabu, kama watu waliobeba jeneza la mtu mkubwa. Siwema aliliona hilo, akashangaa, akanyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi aliyoiweza kuliko zote. Shule aliachia darasa la tano, na katika miaka yote ile mwalimu aliisikia sauti yake mara mbili tu, na zote mbili alikuwa akiomba ruhusa ya kwenda nje.

Nchi aliyoishi haina haja ya kutajwa. Ilikuwa nchi yenye bahati. Viongozi wake walikuwa hawalali kwa kuwafikiria wananchi, na wananchi wakawa hawalali kwa kuwafikiria viongozi. Mwaka huo serikali ilitambua kwamba kuzoa taka za majumbani ni kazi nzito mno kuachiwa wazoa taka, ikaikabidhi kampuni binafsi iitwayo Fagio la Dhahabu. Kabla ya hapo kila Jumamosi wanawake wa mtaa walifagia, kisha Mzee Chambuso akapita na mkokoteni wake kuchukua kile kilichoshindikana kabisa. Mkokoteni ulikamatwa siku ya kwanza kwa kosa la ushindani usio na adabu. Mzee Chambuso mwenyewe aliachiwa, baada ya kuahidi kwamba hataonekana tena barabarani akiwa ameinama.

Siku ya kutia saini mkataba, Waziri wa Mng'aro na Mwonekano alihutubia tangu asubuhi hadi chakula kilipopoa. Aliwataka wananchi wamwonyeshe taifa moja kubwa duniani lisilo na jalala kubwa, na kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha, akapigiwa makofi. Alieleza kwamba taka ni pumzi ya maendeleo. Mtu anayekula hubakiza, anayevaa huchakaza, anayeishi hutupa. Wataalamu walioletwa kwa ndege walikuwa wamekwisha kugundua kwamba nyumba yenye watu hai hutoa walau kilo nane za taka kwa wiki. Kampuni iliahidiwa kilo hizo ndani ya mkataba, kila nyumba, kila Alhamisi. Nyumba itakayopungukiwa Alhamisi tatu mfululizo itahesabiwa kuwa haina mtu, na nyumba isiyo na mtu itakabidhiwa kampuni iifanye kituo.

Watu walipiga makofi hapo pia. Kila mmoja alijua kwamba nyumba yake ina mtu.

*

Siwema aliishi na bibi yake, Bi Kidawa, katika nyumba ya kona, ya udongo na bati, yenye ua mpana unaotazama njia mbili. Alhamisi ile ya kwanza aliyekuja na mzani alikuwa Bwana Lugendo, Mthamini Mwandamizi wa Taka za Ndani, mtu mpole mwenye kalamu tatu mfukoni, zote za rangi moja. Alisalimia vizuri, akamwamkia bibi shikamoo, kisha akaomba taka.

Bi Kidawa aliingia ndani, akatafuta kwa muda mrefu, akatoka na kamba moja ya ndala iliyokatika. Aliitoa shingo upande, maana hata hiyo alikuwa na mpango nayo. Wakaitundika kwenye mzani. Mshale haukutikisika.

Bwana Lugendo aliuliza zilipo taka nyingine, naye bibi akamweleza bila kuficha, kama mtu anayemweleza mgeni njia. Maganda ya mihogo hula mbuzi. Majivu husugulia masufuria. Vifuu huwasha moto, na makumbi yake ndiyo sponji. Ndoo iliyotoboka imepandwa vitunguu majani. Kanga ikichakaa inakuwa nepi ya mtoto wa jirani, nepi ikichakaa inakuwa tambara la kupangusia, tambara likichakaa linakuwa kishikio cha sufuria, na kishikio kikiungua kinakuwa utambi wa taa. Utambi ukiisha ni moshi, na moshi huondoka wenyewe.

"Na kucha?" aliuliza Bwana Lugendo. "Nywele zinazobaki kwenye chanuo?"

"Hizo tunafukia, mwanangu. Ndivyo tulivyolelewa. Kucha za mtu hazitupwi ovyo."

"Mnafukia wapi?"

"Pale, kwenye mchicha."

Bwana Lugendo alikwenda hadi kwenye tuta la mchicha, akasimama kando yake, akavua kofia. Kisha akaandika onyo la kwanza: kumiliki dampo la kucha bila kibali. Alipomaliza hakuondoka mara moja. Alitembea ndani ya ua kutoka ukuta hadi ukuta, hatua kwa hatua, midomo ikicheza kama ya mtu anayehesabu. Siwema aliliona na hilo pia.

Taka za nyumba nyingine zilipokwisha kupimwa na kuandikwa, zilimwagwa pale pale mwisho wa mtaa. Aliyeuliza alijibiwa kwamba mkataba wa sasa unahusu kupima. Kuondoa ni awamu ya pili, na awamu ya pili inasubiri kituo.

*

Wakazi wa Mtaa wa Vifuu hawakukaa kimya. Walifanya mkutano, wakakubaliana kwamba wana wasiwasi, wakaenda ofisini kuusema. Huko waliambiwa kwamba wasiwasi wa mdomo ulifutwa mwaka jana. Sasa kuna fomu, ya kurasa sita, nakala nne, na kila mkazi ajaze ya kwake, kwa sababu wasiwasi wa pamoja unaweza kuitwa maandamano.

Walijaza. Siwema alijaza ya bibi yake, akisoma kila mstari kwa kidole, polepole, hadi yale maandishi madogo ya chini ambayo waliosoma sana huyaruka. Wasomi wa mtaa walimaliza kabla ya adhuhuri. Yeye alimaliza siku ya pili, lakini alipomaliza alikuwa anaijua sheria yote, na jambo hilo halikumpa raha hata kidogo.

Fomu zilipokelewa kwa heshima, zikagongwa muhuri, zikafungwa kwa kamba, zikapimwa. Zilikuwa kilo arobaini na moja. Ziliingizwa kwenye hesabu ya kampuni kama taka za karatasi, na jioni redio ikatangaza kwamba Mtaa wa Vifuu unaongoza nchi nzima kwa ushirikiano.

Tangu hapo mtaa ukawa hauna utulivu. Watu waliokuwa wakiamka wakitazama mawingu walianza kuamka wakitazama ndoo zao za taka. Ilikuwa ikifika Jumanne mtu anaanza kutembea ndani ya nyumba yake kama mwenye jino bovu, akishika kitu, akikirudisha, akijiuliza kama kimechakaa vya kutosha. Wengine walimenya viazi kwa kisu kinene ili maganda yawe mazito, wakala kilichobaki, kidogo kama karanga. Kuna bwana mmoja aliyevunja viti vyake viwili akabaki amesimama, na jirani wakamsifu kwa uzalendo. Posa ya binti wa nyumba ya mwisho ya mtaa ilivunjika kwa sababu wajumbe wa upande wa mume walichungulia ndoo ya wakwe, wakaona ganda moja la ndizi, wakarudi wakisema kwamba ile nyumba haina dalili ya uhai.

Aliyetukuka kuliko wote alikuwa Mama Tunu, jirani aliyepakana ukuta na Bi Kidawa. Alikuwa na watoto saba, na watoto saba hutupa. Alhamisi ya kwanza alipimiwa kilo kumi na tisa, akapewa cheti. Hakulewa sifa. Alihangaika tu kama wengine, na alikuwa na moyo. Alhamisi ya pili ilipokaribia alisimama mlangoni kwa Bi Kidawa na ndoo iliyojaa maganda, akamwambia achukue, ayapime kama yake, watu wanafanya hivyo mtaa mzima.

"Mwanangu, ahsante," alisema Bi Kidawa. "Lakini mimi sijawahi kula vya watu. Leo nitupe vya watu?"

"Bi Kidawa, watakuandika hupo."

"Nitakuwepo wakiniandika."

Alhamisi ile ya pili mzani ulipata kijiti kimoja cha ufagio na mfupa wa dagaa. Bwana Lugendo aliandika sifuri nukta sifuri mbili, akaongeza, kwa moyo mwema, kwamba hiyo mbili ya mwisho ameiandika kwa hisani yake.

*

Alhamisi ya tatu Bi Kidawa aliondoka alfajiri kwenda msibani, ng'ambo ya mto. Siwema alibaki na nyumba.

Alizunguka uani. Alinyanyua kila kitu na kukirudisha, kwa sababu kila kitu kilikuwa na kazi. Saa nne alisikia mzani ukitundikwa nyumba ya tatu, kisha ya pili. Alikuwa na gunia tupu mkononi. Pembeni mwa jiko kulikuwa na kinu cha bibi, cha mti wa mninga, alichopewa na mama yake siku anaolewa. Kilikuwa kimelika ndani kwa kutwangiwa hadi kimekuwa laini kama shavu. Siwema alikitazama, akatazama mlango, akakitia kwenye gunia.

Kilo kumi na moja.

Bwana Lugendo alimpa mkono. "Hongereni," alisema. "Hatimaye mmeanza kuishi."

Taka zote za mtaa zilimwagwa mahali pake pa kawaida, ila gunia la Siwema. Hilo walilibeba wawili, wakalifungua, wakakipangusa kinu kwa mkono, wakakiweka kwenye gari, kiti cha mbele, wakakifunga mkanda. Ilikuwa taka ya kwanza kuondolewa na kampuni tangu mkataba uanze.

Bi Kidawa alirudi jioni akiwa na kisamvu alichopewa na wafiwa. Alikwenda jikoni kutwanga, akakuta mchi umeegemea ukuta, peke yake. Alimwuliza Siwema. Siwema alifungua mdomo, akasema alikuwa amekwenda kisimani.

Uongo huo ulikuwa mfupi, lakini ulitembea. Jumatatu ya wiki ile Mama Tunu alikuwa amekiomba kile kinu, akatwangia na kukirudisha. Bi Kidawa alilala na jambo hilo, akaamka nalo, akalipeleka bombani, mahali ambapo mtaa mzima hupanga foleni.

"Kinu hakina miguu," alisema, akitazama maji. "Na si kitu cha kubebwa na asiyekijua uzito wake. Aliyekiomba juzi anajua kinavyobebeka."

Mama Tunu alitua ndoo chini.

"Bi Kidawa, ulipougua nani alikuchemshia maji? Leo mimi mwizi?"

"Nimetaja jina la mtu?"

"Hukutaja. Umenitazama."

"Macho ni yangu."

"Sawa," alisema Mama Tunu. "Basi tangu leo ule ukuta wetu una upande mmoja." Akachukua ndoo yake, haijajaa, akaondoka.

Siwema alikuwa kwenye foleni, nyuma ya bibi yake, na ndoo kichwani. Alikuwa na maneno ya kusema. Alijiambia atayasema nyumbani. Nyumbani alijiambia atayasema kesho. Kesho ilikuja na kupita mara nyingi, kama kawaida yake.

*

Hesabu ilianza upya. Alhamisi iliyofuata hawakuwa na kitu. Alhamisi ya pili hawakuwa na kitu. Majirani waliokuwa wakikopeshana maganda hawakuthubutu kumsogelea Bi Kidawa, wakihofia kuulizwa vinu. Kwa Alhamisi ya tatu Siwema alijaza gunia mchanga, akaulowanisha, akautandazia maganda mawili juu.

Bwana Lugendo aliingiza mkono, akautoa, akautazama kwa huzuni.

"Binti, huu ni mchanga. Mchanga ni ardhi, na ardhi ni mali ya taifa." Alivuta kalamu. "Umejaribu kutupa kilo tisa za nchi."

Kwa hilo walipewa onyo, na pamoja na onyo wakapewa barua. Barua ilisema kwamba nyumba namba kumi na mbili, kona, imethibitika kuwa tupu, na kwamba Kikao cha Kuthibitisha Uhai kitafanyika Jumatano mbele ya nyumba hiyo, ili wasiokuwemo wapate nafasi ya kujitetea.

Siku zile sita Siwema hakukaa kitako. Alifagia ua uliokwisha kufagiwa. Alisikia upande wa pili wa ukuta Mama Tunu akiwafokea watoto wake, na kila sauti ilipopanda alidhani ni yeye anayeitwa. Bi Kidawa, kwa upande wake, aliendelea kumenya, kulisha mbuzi na kufukia kucha. Mara moja tu, akiwa anapeta mchele, alisema bila kuinua macho kwamba watoto wake wote walizaliwa kwenye chumba kile, na kwamba angependa kutokea chumba kile kile akienda kuzikwa.

Jumatano lilifungwa turubai, likaletwa kochi kwa ajili ya wageni rasmi, na kufuli jipya likawekwa juu ya sahani yenye kitambaa. Mtaa mzima ulikuja. Bi Kidawa alikaa kwenye kibao chake cha mbuzi, kanga ya kutokea begani, Siwema akasimama nyuma yake.

Bwana Lugendo alisoma matokeo ya mizani, Alhamisi baada ya Alhamisi. Alipomaliza alimgeukia bibi kwa unyenyekevu.

"Mimi kama Lugendo ninakuona, bibi, na ninakuheshimu kama mama yangu mzazi. Lakini mimi kama Mthamini naona nyumba tupu."

"Basi mwambie huyo wa pili atafute miwani," alisema Bi Kidawa.

Watu walicheka kidogo, kisha wakakumbuka kufuli, wakaacha. Bwana Lugendo naye alicheka, akaandika kwamba sauti imesikika kutoka upande wa nyumba, chanzo hakijulikani.

Ilibaki njia moja tu, nayo Siwema alikuwa ameisoma kwa kidole chini ya ukurasa wa tano. Jirani aliyepakana ukuta akisimama na kuapa kwamba ndani ya nyumba wanaishi watu, hesabu ya mzani hutenguka. Bwana Lugendo aliisoma ibara hiyo haraka haraka, kwa sauti ya mtu anayetimiza wajibu, akauliza kama jirani yupo.

Mama Tunu alisimama. Alikuwa amejifunga kibwebwe kama anayekwenda shamba.

"Nipo. Na ukweli ninaujua, maana ukuta ule ni mwembamba, nasikia hata wakipiga chafya. Lakini mimi mtaa huu naitwa mwizi wa kinu. Ushahidi wa mwizi una thamani gani? Bi Kidawa alirudishe neno lake, au aliyekichukua kinu ajitokeze hapa watu wamsikie. Hapo nitaapa mara mia. La sivyo nitakaa."

Watu wote walimgeukia Bi Kidawa. Bibi alinyoosha mgongo.

"Siwezi kusema uongo ili nipewe nyumba yangu mwenyewe," alisema. "Kinu kilikuwepo, na hakipo. Anionyeshe mtu mwingine, nitamwomba radhi kwa magoti yangu haya mabovu."

Mama Tunu akakaa. Bwana Lugendo alisubiri kiasi kinachotakiwa na kanuni, akatazama saa, akamwashiria kijana wa sahani. Kitambaa kiliondolewa.

Siwema alijua kilichoandikwa kwenye ibara ya thelathini na moja pia. Anayetia kitu kizima ndani ya taka ili kuongeza uzito amelidanganya taifa kuhusu uchafu wake, na adhabu yake ni miezi sita katika kambi ya kazi. Miezi sita aliifikiria, ikawa kitu kinachohesabika. Lililomshinda ni shingo ya bibi yake, ile nyembamba iliyokuwa mbele yake, iliyonyooka kwa sababu mwenyewe aliamini kwamba anasema kweli. Aliushika upindo wa kanga kuufunika mdomo, kama alivyozoea kila anapozungumza na watu. Kisha akauachia.

"Bibi," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia, na mara ya pili hata waliokaa kwenye kochi walisikia. "Bibi, kinu hakikuibwa. Ile Alhamisi uliyokwenda msibani nilikitia kwenye gunia mimi, kwa mikono yangu, wakakipima, wakaondoka nacho. Nilitaka tuandikwe kwamba tuko hai. Mama Tunu hakukigusa. Halafu siku ile bombani, ulipomtazama, mimi nilikuwa nyuma yako na ndoo yangu kichwani, na nilijua."